Umri wa Kutembelewa

Mashine ya Okedi ya kusaga mahindi, pale Busia upande wa Uganda, ilikuwa na kelele ya kumfanya mtu apaze sauti hata kama anaulizia chenji tu. Samuel, mzee wa kanisa na jirani yake wa miaka mingi, alilijua hilo. Kwa hiyo alipoingia Jumatano ile saa kumi alasiri, alimwinamia Okedi sikioni na kuanza kupiga kelele. Okedi alisikia "binti yako", akasikia "chipsi", lakini ya katikati hayakumfikia. Akanyoosha mkono akazima mota ili asikie vizuri.

"...na mvulana, sahani moja," Samuel alikuwa akimalizia, na sauti yake ikabaki peke yake katika kibanda chenye wanawake saba waliopanga foleni na mahindi yao.

Mmoja wa wale wanawake akasema taratibu, "Endelea tu, mzee. Sisi tunaangalia mahindi."

Samuel akamvuta Okedi mlangoni na kumweleza upya, sasa kwa mnong'ono ambao haukuwa na faida tena. Amemwona Elinah ng'ambo, upande wa Kenya, katika hoteli ya chipsi iliyo nyuma ya soko. Amekaa na kijana wa sare ya shule ya huko. Wanakula sahani moja na wanacheka.

"Leo Jumatano," Okedi akasema. "Jumatano yuko kwenye mazoezi ya kwaya."

"Kwaya haijafanya mazoezi Jumatano tangu Pasaka."

Okedi alitafakari hilo. "Na wewe ulikuwa unafanya nini huko?"

"Mimi nilikuwa nakula chipsi," Samuel akasema kwa heshima zake zote. "Lakini sahani yangu ilikuwa yangu."

Okedi hakurudi kuiwasha mashine. Aliwaambia wanawake wasubiri, akaondoka vile alivyokuwa, mweupe wa unga kuanzia kope hadi viatu, akaushika mwendo wa kuelekea mpakani. Njia nzima alikuwa akiitunga hotuba. Ilikuwa hotuba nzuri, yenye Maandiko na vitisho, na aliipanga imwingie mhuni yeyote aliyemfikiria: kijana wa suruali iliyoshuka, mwenye macho mekundu, aliyeacha shule zamani.

Alipoingia hotelini, msichana wa mezani alimtazama na kumwambia, "Unga peleka nyuma, jikoni." Watu wawili wakacheka. Elinah akageuka.

Kijana aliyekuwa naye alisimama mara moja, akavuta kiti. Alikuwa mrefu, mwembamba, na tai yake ilikuwa imekazwa mpaka juu kama ya mwalimu mkuu. Baina ya chipsi na chupa ya nyanya palikuwa na kitabu cha hesabu kilichofunguliwa. "Karibu, mzee," akasema. "Mimi naitwa Trevor."

Hotuba ile haikumfaa mtu wa namna hiyo, na Okedi hakuwa na nyingine. Akasimama akihema. Mwishowe, kwa kuwa ni lazima mtu afanye jambo akishafika, alimshika Elinah mkono, juu kidogo ya kiganja, akamtoa nje. Alimpitisha sokoni, akampitisha katika lango la mpaka saa ambayo wauza nyanya wote wanarudi nyumbani, nao karibu wote walimjua.

"Okedi, umemkamata nani?" mmoja akauliza.

"Mtoto wangu," akajibu, akaendelea kuvuta. Elinah alitazama chini njia nzima, na kwenye mkono wa sweta yake ya shule vidole vitano vya unga vilibaki vimechorwa.

Jioni hiyo Okedi alitoa sheria yake mezani. Hakuna mambo ya wavulana mpaka miaka ishirini.

"Ndio, Papa," Elinah akasema.

Alikuwa na miaka kumi na sita na miezi mitano, yuko Senior Four. Tangu mama yake, Acom, afariki miaka minne iliyopita, nyumba ile ilikuwa inaendeshwa na mdomo wa Elinah. Alikuwa akirudi kutoka shuleni na kuyamwaga yote: mwalimu wa kemia aliyejimwagia dawa, wasichana waliogombania ndoo, ndoto aliyoota. Okedi alikuwa akila huku akisema "eeh" na "kumbe", mara nyingine bila kusikiliza, jinsi mtu anavyokaa karibu na moto bila kuutazama.

Sasa kulikuwa na "Ndio, Papa" na "Hapana, Papa". Chakula kilipikwa vizuri, kikawekwa mezani, na kijiko kikalazwa pembeni ya sahani. Baada ya hapo redio ndiyo iliyozungumza.

Siku ya nne Okedi alilegeza. "Nimefikiri," akasema. "Labda kumi na nane. Tutaona."

"Ndio, Papa."

"Kumi na nane na nusu, lakini umalize mtihani."

"Ndio, Papa."

"Wewe mwenyewe unataka ngapi?"

"Papa ameshasema."

Siku ya sita alileta maandazi ya moto kutoka kwa yule mama wa kona, yale yenye iliki ambayo Elinah alikuwa hawezi kuyapita. Elinah alikula moja, akashukuru, akaenda kusoma. Okedi alibaki na maandazi manne na taarifa ya hali ya hewa. Siku ya tisa alitoka nje, akampigia simu dada yake Amoit aliyeolewa Iyolwa, akamwambia kuwa kuna mgonjwa.

"Nani anaumwa?"

"Njoo tu."

Amoit alishuka Jumamosi asubuhi akiwa na kuku mmoja na unga wa muhogo. Alimpima kaka yake kwa macho, akaona mgonjwa ni nani, akapitiliza jikoni. Alikaa huko na Elinah karibu saa mbili. Okedi, aliyekuwa amekaa kibarazani akijifanya anapanga kamba za magunia, alisikia mnong'ono, kisha kimya, kisha kitu ambacho alikuwa hajakisikia kwa siku kumi: Elinah anacheka.

Amoit alipotoka, Okedi alisogeza kiti. "Amesemaje?"

"Amesema mengi."

"Kama nini?"

"Kama ya kumwambia shangazi." Amoit akaketi, akanyoosha miguu. "Mimi nakuuliza wewe kwanza. Unakumbuka kitabu cha nyimbo?"

"Kitabu gani?"

"Cha nyimbo za kanisa. Ulikuwa unapanda baiskeli kila Jumapili kwenda Nabuyoga kwa kina Acom kuazima kitabu cha nyimbo. Miaka miwili uliazima kitabu kimoja, Okedi. Na hata kuimba hujui."

Okedi alitazama kamba zake. "Ile ilikuwa tofauti."

"Acom alikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na saba. Lakini yule alikuwa Acom."

"Na huyu ni nani? Si mtoto wa Acom huyohuyo?" Amoit alicheka peke yake, kisha akaacha. "Baba yake Acom alikufanyaje alipojua?"

"Alinipa jembe," Okedi akasema. "Alisema kama nina nguvu za kuendesha baiskeli kutoka kwetu, basi ninazo za kulima. Aliniweka kwenye mihogo yake pale mbele ya nyumba, ananiona akiwa kitini. Acom alikuwa ananiletea maji, na yule mzee anatazama kikombe kinavyotoka mkono huu kwenda huu."

"Hakukufukuza."

"Hapana. Alinilimisha msimu mzima."

"Sasa sikiliza," Amoit akasema, na mzaha ukaondoka katika sauti yake. "Huyu mtoto hakukasirika kwa sababu umemkataza mvulana. Alijua utamkataza. Ulimpitisha mpakani mbele ya watu kama mbuzi ambaye hajalipiwa ushuru. Shuleni wanamwita Forodha. Hilo ulilijua?"

Hakulijua. Alikaa nalo mchana kutwa, hata kuku alipochinjwa na kupikwa hakuonja ladha yake. Saa kumi na moja, Amoit alipokuwa amekwenda kwa Samuel kusalimia, Okedi alimkuta Elinah akianua nguo. Alisimama upande wa pili wa kamba, shuka likiwa katikati yao, na hilo lilimsaidia.

"Ile siku ya mpakani," akasema. "Nilikushika vibaya. Sikutakiwa kukushika vile mbele ya watu."

Shuka halikujibu. Halafu likaanza kushuka upande mmoja, na uso wa Elinah ukatokea.

"Na mimi nilidanganya kuhusu kwaya, Papa. Nilidanganya Jumatano sita."

Okedi alikuwa akidhani ni Jumatano moja. Alichukua ncha ya pili ya shuka, wakalikunja pamoja.

Mama yake Trevor alikuwa anauza viatu vya mitumba ng'ambo, karibu na kituo cha mabasi. Jina lake Cate. Mumewe, Wanjala, aliendesha lori la masafa marefu na alionekana nyumbani kwa mwezi mara moja. Jumatatu iliyofuata Okedi alioga mara mbili, akavaa shati la kanisani, akavuka kwenda kumwona. Alisimama mbele ya viatu akitafuta namna ya kuanza.

"Wewe ni Baba Elinah," Cate akasema bila kuacha kupiga kiatu brashi.

"Umenijuaje?"

"Una unga sikioni. Kaa hapo. Wiki hii nilikuwa nakuja kwako."

Okedi akakaa, akafurahi kidogo. "Ah, Mama Trevor, hakuna haja. Vijana ni vijana. Samahani yako nimeipokea."

"Samahani gani? Nilikuwa nakuja kulalamika." Brashi ikasimama. "Trevor wangu alikuwa anapata B ya hesabu. Sasa hivi ni C. Nimefungua daftari lake nyuma, nikakuta jina la binti yako limeandikwa ukurasa mzima, tena kwa rangi. Huyu mtoto yuko Form Four, ana mtihani. Mwambie msichana wako amwache apumue."

Okedi hakutarajia. Alikuja akiwa baba wa aliyekosewa, na sasa alikuwa baba wa mkosaji. Alijiona ametukanwa, na papo hapo, kwa aibu kubwa, akahisi majivuno yakimpanda kifuani.

"Elinah wangu anapata moja ya hesabu, alama ya juu kabisa kwetu Uganda," akasema. "Labda huyo wako ndiye anafundishwa."

"Ndivyo anavyosema yeye pia," Cate alikiri kwa uchungu.

Mteja mmoja alijaribu kiatu, kikambana, akaondoka.

"Mimi kwangu nilisema miaka ishirini," Okedi akaanza.

"Ishirini bado mtoto. Amalize chuo kwanza."

"Basi ishirini na mbili."

"Na apate kazi. Vijana wangapi wana digrii na wamekaa tu?"

"Ishirini na tano," Okedi akasema, asikubali kupitwa.

"Na ajenge. Hata chumba kimoja."

"Basi ni thelathini."

Cate akakiweka kiatu chini. Alimtazama Okedi, akaona mtu mzima aliyevaa shati la kanisani siku ya Jumatatu, jasho linamtoka. "Baba Elinah," akasema, "hawa watoto wakifika thelathini hawajawahi kuongea na mtu, ni mimi na wewe tutakaozunguka vijijini na picha zao."

Okedi ndiye aliyeanza kucheka. Cate alifuata, mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha viatu na kujiacha na rangi nyeusi shavuni. Baada ya hapo mazungumzo yalikuwa mepesi. Cate alisema kinachomtisha si miaka. Ni giza na kufichaficha, na msichana kuachwa na mimba wakati mvulana anaendelea na shule, na yeye ameona wangapi kwa macho yake. Okedi akasema hilo ndilo hata yeye, ila hakujua alisemeje kwa mtoto wa kike. Ndipo alipomweleza kuhusu jembe la baba mkwe wake.

Waliafikiana hivi: Jumamosi, saa kumi mpaka saa kumi na moja, pale mashineni, mlango wazi, vitabu vikiwepo. Siku nyingine, hapana.

"Lakini si uchumba," Okedi akasema.

"Nani kasema uchumba? Ni mazungumzo."

Jumamosi ya kwanza Trevor alifika saa kumi kasoro dakika tano, tai shingoni. Okedi aliwaweka kwenye benchi la wateja, akakaa katikati.

Habari zilishaenea. Wanawake ambao kwa kawaida walisaga gunia zima mara moja kwa mwezi sasa walikuja na kilo mbili, wakasaga, wakarudi nyumbani, wakaja tena na kilo nyingine mbili. Foleni ilifika barabarani. Samuel alileta mtama ambao haukuwa umekauka, akakaa kuusubiri ukauke.

Okedi alikuwa ameandaa maswali. Unasali wapi? Baba yako anaendesha lori la nani? Ukimaliza Form Four unafanya nini? Trevor alijibu moja moja, akipandisha sauti mashine inapounguruma. Katika swali la tano ikajulikana kwamba wote wawili wanashabikia timu moja ya Uingereza, na kwamba wote wawili wanaamini kocha hajui kazi. Saa kumi na moja ilipofika Elinah alikuwa amemaliza sura nzima ya biolojia bila kusumbuliwa na mtu.

Jumamosi ya pili Okedi alihama katikati, akakaa pembeni, ili aweze kumwona Trevor vizuri wanapobishana. Jumamosi ya tatu Trevor alivua tai, akabeba magunia, akapaka mkanda wa mashine nta kama alivyoelekezwa. Okedi alimwambia Amoit kwa simu kwamba yule ni kijana wa maana sana. Jumamosi ya nne alinunua soda tatu. Ya tano alijikuta anaangalia saa tangu saa nane.

"Papa," Elinah alimwambia jioni hiyo, "hivi huyu anakuja kwa nani?"

Alhamisi iliyofuata walikuwa wamekaa kibarazani wakichambua maharagwe. Elinah alikuwa akisimulia habari ya mwalimu mpya wa jiografia, kisha akakatiza katikati.

"Trevor hatakuja Jumamosi."

"Anaumwa?"

"Nimemwambia tuachane."

Mkono wa Okedi ukabaki ndani ya ungo. "Amekufanya nini? Niambie. Nakwenda huko sasa hivi."

"Hajanifanya kitu, Papa. Kaa." Alisubiri mpaka akae. "Ni kwamba ananiuliza. Kila siku niko wapi, niko na nani, kwa nini sikujibu ujumbe. Nikichelewa ananuna siku mbili. Nilimwambia mara ya kwanza, nikamwambia ya pili. Jana ameniuliza kwa nini nilisimama na kijana wa darasa letu getini, eti rafiki yake alituona." Akatoa jiwe kwenye maharagwe, akalitupa uani. "Mtu wa kuniuliza hivyo ninaye mmoja hapa nyumbani. Ananitosha."

Okedi aliwaza kumtetea yule kijana, kwamba ni mdogo bado, kwamba anaweza kurekebika, kwamba ana mikono mizuri ya kubeba gunia. Akamtazama binti yake, aliyekuwa ametulia kabisa, ameinamia ungo kama mtu aliyemaliza hesabu na kuhakikisha jibu. Hakuwa ameulizwa. Alikuwa ameketi mwenyewe na kusema.

"Ulimwambia kwa simu?"

"Hapana. Nilimwambia uso kwa uso, nje ya duka la mama yake, jana baada ya shule, kweupe. Sikujificha."

"Alilia?"

"Kidogo."

"Na wewe?"

"Nililia nilipofika nyumbani," Elinah akasema. "Wewe ulikuwa unasikiliza mpira."

Jumamosi saa kumi kasoro dakika tano, Trevor alitokea mlangoni akiwa na mfuko wa mahindi begani. Mama mmoja kwenye foleni alizima simu yake ili asikose hata neno.

"Mama amesema nisage," akasema. Macho yake yalikuwa yanapita nyuma ya Okedi, kuelekea mlango wa nyumba. "Elinah yuko?"

Kusema hayuko kungekuwa rahisi. "Yuko," Okedi akasema. "Lakini aliongea na wewe."

"Aliongea."

"Basi ulimsikia."

Kijana akaitikia kwa kichwa. Midomo yake ilikuwa inacheza, na Okedi, aliyejua wateja wale wangeisimulia midomo hiyo mpaka Malaba, aliwasha mashine ili pasisikike chochote. Akauchukua mfuko, akamwita kwa kidole, na wakasaga pamoja bila kuongea, mmoja anamimina, mwingine anashika mfuko chini. Walipomaliza, unga uliwapaka wote wawili, na machozi yaliyokuwa yamepita shavuni mwa Trevor yakaonekana kama jasho. Okedi alikataa pesa yake.

"Msalimie mama," akasema. "Na ile hesabu, irudishe B."

"Sawa, mzee."

Alimtazama mpaka alipopotea kwenye watu wa mpakani. Moyo ulimuuma kuliko alivyotaka kukubali, na alijua ya kwamba Amoit akisikia atamcheka mpaka Krismasi.

Foleni ilipoisha, Elinah alitoka nyumbani na kikombe cha chai.

"Alikuja?"

"Alikuja kusaga."

"Ulimwambia nini?"

"Mimi? Ulishamwambia wewe."

Elinah alimpa chai, akakaa benchini. Kisha akaanza habari ya yule mwalimu mpya wa jiografia aliyoiacha Alhamisi, kwamba ameleta ramani ya dunia ambayo Uganda imechapwa karibu na Brazili, na kwamba darasani kuna kijana anaitwa Paddy, huyo wa getini, ndiye aliyeinua mkono kumwonyesha.

Jina hilo lilipotajwa, maswali kama kumi yalimjaa Okedi mdomoni. Huyo Paddy ni wa nani, anakaa wapi, anasali wapi, alikuwa anataka nini getini. Akapuliza chai, akanywa.

"Kumbe," akasema. "Eeh. Ikawaje?"